Wati Moja Bado Ni Nyingi: Kuchagua Amplifaya ya Valvu kwa Gitaa la Nyumbani

Muuzaji atakuuliza unataka wati ngapi. Ukimjibu kwamba unapigia nyumbani, usiku, watoto wakiwa wamelala, atakuonyesha ile ndogo ya wati 5, nawe utatoka dukani ukiamini shida imekwisha. Ukifika utaiwasha, utafungua sauti kidogo tu, na jirani atagonga ukuta. Muuzaji hakukudanganya. Ila wati haziwezi kukuambia amplifaya itakuwa na kelele kiasi gani chumbani kwako.

Tazama hesabu yenyewe. Spika ya kawaida ya gitaa ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 97 kwa anayesikiliza umbali wa mita moja. Mazungumzo ya sebuleni ni kama desibeli 60. Nguvu ikipunguzwa mara kumi, sauti hushuka desibeli 10, na sikio la binadamu husikia hapo kama sauti imepungua nusu hivi. Basi sehemu ya kumi ya wati ni desibeli 87, sehemu ya mia ni 77, na sehemu ya elfu ni 67. Ukipiga gitaa kwa sauti inayozidi maongezi kidogo, unatumia sehemu ya elfu ya wati moja. Ukigeuza hesabu hiyo utaona jambo jingine: amplifaya ya wati 50 iliyofunguliwa mpaka mwisho haina kelele mara kumi ya ile ya wati 5. Masikioni inaizidi mara mbili tu.

Kwa hiyo kati ya wati 5 na wati 15 hakuna tofauti ya maana kwa mtu anayetaka utulivu. Zote mbili zinaweza kuamsha mtaa. Muulize muuzaji swali jingine: sauti ninayoipenda inazaliwa sehemu gani ya mashine hii, na je, naweza kuipata kabla spika haijaanza kupiga kelele?

Kabla hatujaendelea, nikuokolee pesa. Kama utapiga kwa hedifoni siku zote, amplifaya ya valvu haikufai. Yamaha THR au Boss Katana, ambazo hazina valvu hata moja, zitakupa sauti nzuri zaidi masikioni kwa bei ndogo, bila joto na bila uzito. Valvu zina utamu wake pale zinaposukuma spika halisi, hewa ikatikisika kidogo, na nyuzi zikaitika chini ya vidole. Kama hilo ndilo unalolitafuta, tuendelee.

Sauti inazaliwa wapi

Amplifaya ya valvu ina sehemu mbili zinazokuhusu. Ya kwanza hupokea mawimbi dhaifu kutoka kwenye gitaa na kuyakuza. Humo utakuta valvu ndogo, mara nyingi 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83 ingawa ni ileile. Ya pili huyapa mawimbi hayo nguvu ya kusukuma spika. Humo hukaa valvu kubwa zaidi kama EL84, 6V6, EL34 au 6L6. Valvu ikilazimishwa kupitisha kuliko uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na hapo ndipo unapopatikana ule mkwaruzo mtamu wa gitaa la roki na bluzi. Mkwaruzo huo unaweza kuzaliwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, au kote kuwili. Ukizaliwa sehemu ya kwanza, unaweza kuupata kwa sauti ya chini. Ukizaliwa ya pili, lazima amplifaya iwe inafanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake.

Chukua Fender Champ ya miaka ya 1950. Ina wati kama 5, valvu moja ya nguvu aina ya 6V6, na nobu moja ya sauti. Ukitaka ikwaruze, fungua sauti. Njia nyingine haina. Kwa studio ni mashine ya ajabu, kwa sababu maikrofoni huwekwa mbele yake na kelele inabaki ndani ya chumba cha kurekodia. Lakini kwa mtu anayeishi ghorofa ya pili, Champ na jamaa zake wote wasio na nobu ya pili watampa sauti safi tu, basi. Wengi huzinunua kwa sababu ya udogo wake, kisha hushangaa.

Nobu ya pili ninayoisema ni masta. Amplifaya yenye masta ina geini mwanzoni na masta mbele yake: unafungua geini ili valvu ndogo zikwaruze, halafu unabana masta ili sehemu ya nguvu ipokee kiasi kidogo. Marshall walipotoa modeli ya 2203 yenye masta mwaka 1975 walikuwa wanajibu haja hiihii, ingawa wateja wao walipiga majukwaani. Sauti ya valvu ndogo peke yake huwa kavu kidogo, ina mavumbi juu na haina kifua. Baadhi ya watu hawaipendi kabisa. Mimi naona kwa saa ya mazoezi inatosha sana, na kasoro yake nyingi hutibika kwa spika nzuri na marekebisho ya besi.

Kuna kundi jingine la wasomaji ambalo maduka hulisahau. Kama unapiga rumba, dansi au benga, kama unajifunza solo za Dk. Nico, Franco au Mbaraka Mwinshehe, mkwaruzo si shida yako hata kidogo. Unataka sauti safi, inayong'aa, kila noti ikisimama peke yake. Sauti safi ndiyo iliyo rahisi kuipata kwa utulivu, kwa kuwa hailazimishi valvu yoyote. Kwako wewe amplifaya ya wati 12 au 15 inafaa kuliko ya wati 1, maana hiyo ndogo itaanza kukwaruza mapema ukikandamiza nyuzi kwa mkono wa kulia. Tafuta yenye mwangwi wa springi, spika ya inchi 10 au 12, na nobu ya sauti inayopanda polepole. Fender Princeton Reverb ya toleo la '65 ndiyo ningeichagua kama pesa si tatizo: wati 12, valvu mbili za 6V6, spika ya inchi 10. Haina masta, nawe huihitaji.

Wale wanaotaka valvu za nguvu zikwaruze

Kuna watu hawaridhiki mpaka sehemu ya pili nayo ishiriki. Kwao zimetengenezwa amplifaya ndogo za makusudi. Blackstar HT-1 inatoa wati 1, na kazi ya nguvu inafanywa na valvu ndogo ya ECC82. Marshall DSL1 inafuata njia hiyohiyo, na ina swichi ya kushusha wati 1 hadi 0.1. Bugera V5 huanza na wati 5 kwa valvu moja ya EL84, nawe unaweza kuishusha hadi 1 au 0.1. Vox nao walitoa AC4TV yenye wati 4, ikishuka mpaka 1 na hata robo wati.

Rudi kwenye hesabu yetu. Hiyo 0.1 ni desibeli 87 kwa spika ya kawaida. Hapo huwezi kuzungumza na mtu bila kupandisha sauti. Kwa mchana ni sawa, kwa saa nne usiku bado si sawa. Kwa bahati nzuri, nyingi ya hizo mashine hutumia spika ndogo ya inchi 8, ambayo haina ufanisi wa ile ya inchi 12, kwa hiyo kelele hupungua kidogo zaidi. Lakini besi nayo hupungua, na gitaa huanza kusikika kama linatoka ndani ya debe. Angalia kama nyuma ina tundu la kuunganisha spika ya nje. Amplifaya ya wati 1 ikiunganishwa na kabati lenye spika ya inchi 12 huwa kama imebadilishwa kabisa.

Jihadhari na swichi inayopunguza nguvu nusu, kwa mfano kutoka wati 15 hadi 7. Nusu ya nguvu ni desibeli 3. Utaisikia kama umeinama kidogo nyuma ya kiti. Jirani hatasikia tofauti.

Njia nyingine ni kuweka kifaa cha kupunguza nguvu, atenueta, kati ya amplifaya na spika. Tom Scholz wa bendi ya Boston alikuwa miongoni mwa waliovipa jina vifaa hivi kwa Power Soak yake, na leo viko vya kila bei, kuanzia visanduku vya vipinga tu hadi Two Notes Captor na Universal Audio OX vinavyojifanya kama spika halisi machoni pa amplifaya na kukuruhusu kurekodi kimyakimya. Ukipunguza desibeli 6 hadi 10 utaridhika. Ukipunguza 25, kile ulichokuwa unakitafuta kinakuwa kimekwisha potea: spika haitikisiki, na sikio lenyewe linakudanganya. Kumbuka pia kwamba amplifaya bado inakimbia kwa nguvu zake zote, hata kama chumba ni kimya. Valvu zinachakaa kwa kasi ya jukwaani.

Hilo la sikio si maneno ya mafundi tu. Fletcher na Munson wa maabara ya Bell walilipima na kulichapisha mwaka 1933: sauti ikishuka, sikio hupoteza besi kwanza, na kwa kiasi fulani sauti za juu. Ndiyo sababu mpangilio unaopendeza kwa sauti kubwa huwa mwembamba usiku. Ongeza besi, punguza sauti za kati kidogo, ongeza mwangwi. Usihukumu amplifaya kwa mpangilio uliouweka dukani kukiwa na makelele ya barabarani.

Kama amplifaya unayoipenda ina lupu ya efekti, kuna ujanja wa bei poa sana: chomeka pedali ya sauti au ya ikwalaiza kwenye lupu hiyo na uishushe. Unakuwa umejitengenezea masta ya pili, na mara nyingi inageuka taratibu kuliko ile ya mtengenezaji. Fender Blues Junior, amplifaya ya wati 15 inayouzwa sana na yenye masta yake, haina lupu. Ukiinunua utategemea nobu zake tu, nazo huruka haraka mwanzoni.

Umeme wa kwetu

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na penye hatari.

Ndugu aliyeko Marekani akikutumia amplifaya, karibu hakika imetengenezwa kwa volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya na Uganda 240. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika fyuzi itakatika. Usipobahatika, transfoma ya umeme itaungua na valvu pamoja nayo. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujaigusa swichi. Usidanganywe na chaja ya simu inayokubali kila volti: amplifaya nyingi za valvu zina transfoma ya shaba na chuma, na hiyo haijui kubadilika yenyewe. Chache zina swichi ya kuchagua volti, au transfoma yenye nyaya za ziada ambazo fundi anaweza kuzibadilisha.

Utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Usiangalie wati za sauti unapoinunua. Angalia wati ambazo amplifaya inavuta ukutani, zilizoandikwa nyuma. Mashine ya wati 15 za sauti inaweza kuvuta zaidi ya 100, kwa sababu valvu zinachemshwa muda wote. Nunua transfoma yenye uwezo wa mara mbili ya kinachovutwa. Pia fahamu kwamba transfoma hiyo hushusha volti lakini haibadilishi marudio: Marekani ni hezi 60, kwetu 50, na transfoma iliyosanifiwa kwa 60 pekee hupata joto zaidi ikitumika huku. Kama una uwezo wa kusubiri toleo la volti 230 kutoka Ulaya au Uingereza, subiri.

Kisha athi. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa kwa kebo na bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi hiyo imeunganishwa na pini kubwa ya juu ya plagi. Hitilafu ikitokea ndani, umeme unatakiwa ukimbilie kwenye athi. Athi isipokuwepo, utakimbilia kwenye vidole vyako. Mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, waachie wenye redio. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo nyuma yake hakuna waya wa athi; mlipe fundi umeme aje na kipimo chake mara moja. Mlio wa uuu usioisha hata ukiwa hupigi unaweza kuwa dalili ya athi mbovu, ingawa unaweza pia kuletwa na pikapu za koili moja zikiwa karibu na taa za ledi au chaja.

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huja na msukosuko, na stabilaiza ya bei nafuu haiwahi kuuzuia wote.

Mambo mawili usiyafanye kamwe. La kwanza: usiwashe amplifaya ya valvu ikiwa spika haijaunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti hutegemea mzigo wa spika. Bila mzigo, volti hupanda humo ndani na inaweza kujichoma. Mtu anayetaka ukimya ndiye anayeshawishika zaidi kuchomoa spika, kwa hiyo nasisitiza. Tundu la hedifoni lililowekwa na mtengenezaji ni salama kwa sababu lina mzigo wake ndani. Namba za omu nazo zilingane: amplifaya ya omu 8 na spika ya omu 8. La pili: usiifungue. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita hubaki zimezishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuna mafundi wa redio za zamani wanaojua namna ya kuzimwaga. Wewe si mmoja wao.

Chumba, na jirani

Kinachopenya ukuta ni besi, na kinachosafiri kwa sakafu ni mtikisiko. Amplifaya ikikaa chini kwenye sakafu ya zege, wa ghorofa ya chini anasikia kuliko wewe, kwani spika inaelekea magotini mwako nawe unafungua zaidi ili usikie. Ipandishe kwenye kiti au stuli, tandika kipande cha godoro chini yake, ielekeze usoni. Utashusha masta wewe mwenyewe bila kuombwa. Usiisukume kwenye kona, kona huongeza besi.

Katika nyumba za vyumba ambazo kuta haziufikii mwisho wa paa na hakuna dari, sauti hupita juu moja kwa moja, na hakuna amplifaya itakayokusaidia. Huko panga saa za kupiga na mwenye nyumba, au ununue ile ya hedifoni niliyoitaja mwanzo.

Siku ya kununua

Nenda na gitaa lako. La dukani lina pikapu tofauti na nyuzi za kutu. Mwombe muuzaji aiwashe na uisubiri ipate joto, kisha weka sauti ya kiwango cha televisheni. Wengi wanaona haya na hupiga kwa nguvu ili waonekane wanajua. Wewe unanunua mashine ya chini, ijaribu kwa sauti ya chini. Geuza nobu kutoka sifuri taratibu. Kama kati ya sifuri na moja hakuna kitu, na kati ya moja na mbili duka zima linageuka kukutazama, utaisumbukia kila usiku. Kisha nyamaza, usiguse nyuzi, sikiliza mvumo. Mvumo ambao jukwaani haujulikani, chumbani utakuudhi.

Kama ni iliyokwisha tumika, igonge kidogo kwa juu ikiwa imewaka. Valvu iliyolegea ndani italia kama kengele. Uliza inatumia valvu gani za nguvu na kama zikibadilishwa zinahitaji kurekebishwa na fundi. Zenye EL84 moja au mbili mara nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini si zote, kwa hiyo uliza modeli kwa modeli. Valvu ndogo hudumu miaka mingi kwa mpigaji wa nyumbani. Za nguvu huchakaa, na mjini kwako huenda hazipo madukani, kwa hiyo agiza seti moja pamoja na amplifaya: JJ wa Slovakia wanatengeneza karibu kila aina utakayoihitaji, na bei zao hazitishi. Ongeza na fyuzi mbili za namba iliyoandikwa nyuma, wala usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi. Unaporudi nyumbani baada ya kuijaribu, iache ipoe kwanza ndipo uipakie kwenye bajaji. Valvu yenye moto haipendi mashimo.